Siku Nilipofungua Zizi

Awendo

Akinyi, mama mkwe wangu mdogo,

Huku tuko wazima. Mvua imefika, na matrekta ya miwa yamekwama barabarani. Babu yako anakohoa kidogo, lakini ugali anamaliza.

Unasema maneno ya Kiingereza ya ule mtihani wa kwenda kusoma Amerika hayakai kichwani, na unataka kuacha. Unaniuliza mimi Mkuria nilijifunzaje Kijaluo.

Nilipoolewa hapa nilikuwa nikinyamaza kutwa, kila siku, nikikariri maneno moyoni kama wewe. Asubuhi moja mama wa babu yako, yule uliyepewa jina lake, alichoka na kimya changu. Akasema, "Yaw dhogi!" Alitaka nifungue mdomo niongee. Lakini kwa masikio yangu mdomo na ng'ombe vilikuwa neno moja, dhok, na dhogi ni wako; na mimi nilijua la ng'ombe tu. Nikakimbia kufungua zizi. Wakaingia wote kwenye mtama wake.

Tuliwafukuza pamoja, mimi nikilia, yeye akicheka mpaka akaketi chini. Tangu hapo nilikosea kila neno kwa sauti, mbele ya watu, na hakuna lililonitoroka tena.

Kwa hivyo fungua mdomo, mama. Lile neno lako taciturn, la mtu asiyependa kuongea, nimeanza kumwita babu yako. Mimi natamka tasitani. Lakini limeshaharibika: jana alikasirika, akaongea mpaka chai ikapoa.

Nitumie lingine.

Nyanya yako,
Robi