Chagua kwa Mkono Wako

Walthamstow, London
8 Juni

Mdogo wangu mpendwa Elinaja,

Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Arusha, na kwamba goti ulilolilalamikia wakati wa Pasaka limepoa. Sisi huku tunaendelea kwa kiasi chetu. Wifi yako Eufrasia anakusalimu sana. Anasema ile kahawa uliyotutumia imekwisha, na hataki kuulizwa nani aliimaliza.

Umeniomba nikuchagulie bastola kabla muuzaji hajampa mtu mwingine. Naielewa haraka yako. Hiyo ya zamani inabeba risasi nane, kwa hiyo unabadilisha magazini, kile kibweta cha risasi, wakati wenzako bado wanalenga, na mwaka jana ulikosa nafasi kwenye timu ya klabu kwa sababu hiyo. Sasa muuzaji anazo mbili, moja nene ya risasi kumi na saba na nyingine nyembamba kidogo ya kumi na tatu. Ukamalizia kwamba moyo wako uko kwenye ile nene, kwa kuwa itakaa vizuri mkononi mwangu, na Agosti nikija tutapokezana uwanjani kama tulivyozoea tangu Baba alipotufundisha sote kwa bastola yake moja.

Ngoja nikueleze taratibu, maana unajua sijawahi kujibu swali kwa neno moja.

Zote mbili zinafanya kazi kwa namna ile ile. Triga, yaani kifyatulio, ina kazi moja tu, kuiachia nyundo ipige. Haiinui nyundo. Nyundo lazima iwe imeshainuliwa, ama kwa kuvuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, ama kwa kidole gumba. Ndiyo maana triga yake ni fupi na nyepesi, na walengaji wanaipenda: risasi inatoka kabla mkono haujapata nafasi ya kuyumba. Lakini wepesi huo unadai adabu. Kidole kikae nje ya triga mpaka macho yako yawe kwenye shabaha.

Uliandika pia kwamba kuona nyundo imesimama wakati risasi iko kwenye chemba, tayari nyuma ya mtutu, kunakutisha, na kwamba utakuwa unaishusha kwa gumba. Usifanye hivyo, mama. Hapo ndipo watu wa klabu yetu ya huko Arusha hukosea, tena kwa woga wao. Gumba likiteleza, risasi imetoka. Iache nyundo juu, ufunge sefti, kile kizuizi cha usalama. Kama hupigi tena, toa magazini, toa na ile ya chemba, umwonyeshe msimamizi kwamba ni tupu.

Sasa kuhusu unene. Magazini ya risasi nyingi huzipanga safu mbili, na safu mbili zinataka mpini mpana. Nenda dukani, uhakikishe haina kitu, kisha uishike kama unavyoshika uwanjani. Bila kuhamisha kiganja, kidole cha shahada kifike kwenye triga na gumba lifike kwenye sefti. Ukilazimika kuizungusha mkononi, hiyo si yako, hata ingebeba risasi thelathini. Wewe umerithi viganja vya Mama. Ile nene itakushinda.

Najua utauliza: na wewe je, kaka? Hapo ndipo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo wa barua.

Jumamosi huwa nakwenda klabu ya bastola za upepo, kwa kuwa za risasi huku sisi raia haturuhusiwi kuwa nazo. Ninalenga na Yogesh, mzee mwenzangu mzaliwa wa Kisumu, mwenye duka la vitambaa hapa sokoni. Mwezi wa Machi alinitazama akaniuliza kama nalenga au nakoroga chai. Nikamwambia hata nikikoroga nitampita yeye, tukacheka. Jumamosi iliyofuata hakutania. Alinibebea mkoba mpaka kituo cha basi, akaniambia kwa upole kwamba niende hospitali. Eufrasia, aliyeuguza wagonjwa miaka yote ile, alikuwa ameshaona. Alikuwa akinifunga vifungo vya shati asubuhi na kujifanya ana haraka tu.

Ni Parkinson, Elinaja, ugonjwa wa neva unaotetemesha mkono. Daktari anasema unakwenda polepole na dawa zinasaidia. Bastola ya upepo niliirudisha klabuni mwenyewe kabla hawajaniomba. Sikukwambia kwa sababu kila ulipopiga simu uliitaja Agosti kwa furaha, nami nikashindwa.

Kwa hiyo usinunue kwa ajili ya mkono wangu. Chukua ile ya kumi na tatu, uingie kwenye timu.

Tiketi sijaifuta. Nitakuja, na utakapopiga zamu yako na ile ambayo ingekuwa yangu, nitakuwa nyuma ya mstari. Naomba tu wenzetu wa klabu usiwaambie lolote kwa sasa. Nataka niwaambie mwenyewe, wewe ukiwa umesimama kando yangu.

Wasalimie majirani, na lile goti ulipeleke kwa daktari.

Ni mimi kaka yako,
Cosmas