Komeo Anarudi Tanga

Oud Metha, Dubai

Kaka Rajabu,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, mpe kiti huyo aliyekuletea barua hii, na maji ya kunywa, maana goti lake la kulia halikunjiki vizuri na safari ilikuwa ndefu. Ndiye Kassim, Komeo wenu. Amekonda, lakini najua umemtambua.

Mgongo wako unaendeleaje? Mama aliniambia siku hizi ukiamka asubuhi unajishikiza ukutani. Mimi ni mzima, ila vidole vimebabuka kwa dawa za kusafishia sakafu, na joto la huku mwaka huu limetuchoma hadi tulio ndani. Nimeandika kwa kalamu makusudi. Ukituma maneno kwa simu yanasambaa kabla uliyemtumia hajayasoma, na haya sitaki yasambae.

Kila tukiongea ulikuwa ukiniuliza swali lilelile: wale wachezaji wetu wako wapi sasa, wanafanya nini? Nami nikakueleza kidogo kidogo yale niliyoyapata kwa Kassim. Winga wenu wa kushoto anaendesha gari la maji Oman na amenenepa hata usukani unamgusa tumbo. Yule mfungaji mliyemwita Sindano yuko Durban, ana kibanda cha kunyolea, na hataki kabisa kusikia habari za mpira. Na Kassim mwenyewe, beki wa kati ambaye mji mzima ulikuwa ukiimba kwamba hapitiki, ni mlinzi wa mlango wa kliniki ninakofanya usafi. Nilikusimulia tulivyokutana: alinisikia nikiongea na mama kwenye simu, akasema, "Lafudhi hiyo ni ya kwetu." Nilipomtajia jina lako alinishika mikono yote miwili. "Mdogo wake kipa wangu!" Tangu siku hiyo alikuwa akinigawia chakula chake cha mchana, na hakuna aliyethubutu kunitania pale kazini.

Hayo unayajua. Sasa nikueleze usiyoyajua, au unayojifanya huyajui.

Kuna mfanyabiashara wa Dar hapa, anaitwa Shaweji, ana ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Naif. Alikuja kliniki kung'oa jino. Akalisoma jina la Kassim kifuani, akamtazama uso, akapiga ukelele na shavu lake limevimba vile vile: "Komeo! Komeo yule wa Tanga!" Akamkumbatia mbele ya wagonjwa. Akasema Watanzania wa Dubai wana deni kwa nyota wao wa zamani, kwamba Ijumaa kutakuwa na karamu ya kuwaenzi mtaa wa Deira, na Kassim ndiye atakuwa mgeni wa heshima.

Kaka, ungemwona alivyofurahi. Alikuwa akijisemea maneno ya shukrani pale mlangoni huku anawafungulia watu. Aliniuliza amshukuru nani kwanza, kocha au mashabiki. Ijumaa hiyo zamu yake ilichelewa kwisha kwa sababu mwenzake wa Uganda alichelewa kumpokea, akaona akienda kubadili nguo atawasubirisha watu. Akaenda na sare ya kazi. Aling'arisha viatu tu. Alinitaka niende naye, kwa kuwa mimi ndiye jamaa pekee aliyekuwa naye.

Ukumbi ulikuwa juu ya mkahawa. Kulikuwa na pilau, soda, runinga kubwa ukutani, na wanaume wengi, wengine wamevaa jezi za ile timu iliyowafunga nyinyi kwenye fainali. Hapo nikatamani turudi. Lakini walisimama wakampigia makofi, wakamweka kwenye kiti cha mbele chenye kitambaa, naye akatoa karatasi yake ya shukrani mfukoni.

Hakupata nafasi ya kuisoma. Shaweji alishika kipaza sauti akasema, "Kwanza tumkumbuke alivyotufanyia wema." Runinga ikawaka. Lilikuwa bao lile. Krosi inakuja, Kassim anaruka peke yake, hakuna hata adui karibu naye, anaupiga kichwa mpira na kuutia kwenye nyavu zenu wenyewe. Wakalirudisha. Wakalirudisha tena polepole. Kila mpira ukiingia ukumbi mzima unaangua kicheko, wengine wanapiga meza. Kassim naye akacheka. Ndicho kilichoniuma kuliko vyote, alivyocheka huku anaikunja ile karatasi.

Kisha wakampa zawadi iliyofungwa kwa utepe. Akaifungua mbele ya simu zao. Ndani mlikuwa na komeo la mlango, bovu, limepinda na kutu juu. "Komeo lililojifungua lenyewe!" akasema Shaweji. Mtu mmoja alicheka hadi akalia.

"Mashabiki wanauliza," Shaweji akaendelea, "kosa lilikuwa lako au la kipa?"

Kassim akajibu, "Langu."

"Basi tuonyeshe ulivyofanya. Yalla, Komeo, simama!"

Nikasimama mimi. Nikasema, "Khalas, basi jamani, mtu mzima huyu, ana goti bovu." Jirani yangu akanivuta mkono. "Kaa, dada. Huu ni utani wa jadi." Shaweji alikuwa ameshatoa mpira chini ya meza na kumrushia. Kassim aliruka. Sijui kwa nini aliruka, Rajabu, angeweza kuuacha upite. Aliupata vizuri kabisa kwa kichwa, lakini alipotua goti likamsaliti, akaanguka juu ya meza ya pilau, sare yote ikajaa mchuzi. Waliendelea kumrekodi akiwa chini. Mimi ndiye niliyemwinua, pamoja na mhudumu wa mkahawa, Mhindi ambaye hakujua lolote kuhusu bao hilo.

Kesho yake video ilikuwa kila mahali. Nembo ya kampuni yake ilionekana wazi begani. Walinzi hawaruhusiwi kuvaa sare kwenye starehe, na msimamizi wake hakutaka maelezo. Alimwambia, "Finish. Go home," akamvua kitambulisho mbele yangu, nikiwa nimeshika ufagio. Visa yake ikafutwa.

Nilikwenda Naif kwa Shaweji. Nilimkuta anapima maboksi. Nilimwomba aiandikie kampuni kwamba yeye ndiye aliyemwalika, na kwamba ilikuwa shughuli ya heshima. Hakunikaribisha hata kukaa. "Mwambie ashukuru," alisema. "Alikuwa amesahaulika. Sasa anajulikana upya Afrika Mashariki nzima." Nilipofika mlangoni akaniita. Nikadhani ameingiwa na huruma. "Begi lake nitalisafirisha bure," akasema, na wafanyakazi wake wakacheka.

Nikiwa kwenye basi kurudi, nikaifungua ile video nione imefika wapi. Chini yake watu walikuwa wameandika. Nikaliona jina lako, Rajabu, na picha yako uliyopiga na mtoto wa shangazi. Umeweka nyuso za kucheka mstari mzima, kisha ukaandika: "Huyu ndiye aliyetumaliza."

Sikutaka aione. Lakini nilipomfikia bwenini kwake alikuwa ameshaiona. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama bado unapenda kucheka kwa sauti kama mlipokuwa kambini. Mimi ndiye niliyekasirika. Nikamuuliza, "Kassim, siku ile kilitokea nini hasa?"

Alimaliza kufunga begi lake kwa kamba. Halafu akasema, "Rajabu aliniita. Alisema, 'Komeo, nirudishie!' Nami nikamrudishia pale sauti ilipotoka. Kumbe alikuwa ameshatoka golini."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ningemwambia nani? Kipa akilaumiwa hapati timu tena. Yeye alikuwa na mama na nyinyi wadogo. Mimi nilikuwa peke yangu." Akaongeza, "Usimwandikie hayo. Anayajua."

Baada ya fainali ile, mashabiki walipoivunja kwa mawe nyumba aliyopanga Kassim pale Chumbageni, nami nikiwa mtoto nikauliza kwa nini Komeo haji tena barazani kwetu, ulinijibu kwamba mtu aliyeisaliti timu hana pa kukaa. Nilikuamini. Nilikula mkate wa ukipa wako, nikasoma kwa huo, nami nikamsimulia kila mtu niliyekutana naye kwamba kaka yangu alionewa na beki wake.

Hana ndugu aliyebaki Tanga. Nilipomuuliza atafikia wapi, akasema, "Kwa kipa wangu, kama ana nafasi." Nikamwambia nafasi ipo.

Msalimie mama, umwambie dawa zake za presha nimempa Kassim. Msalimie wifi yangu, mkeo, na shangazi wa Pongwe ambaye najua atakuja mbio akisikia kuna mgeni. Mwambie binti yako mkubwa viatu vya shule nimevituma, vimo kwenye begi la Kassim.

Kassim hajui nilichoandika. Alinipa mkono na kusema barua ataifikisha bila kuifungua, na najua hakuifungua. Sasa umemaliza kusoma, naye amekaa mbele yako anasubiri. Atakuuliza, "Mwanahawa anasemaje?"

Mjibu.

Mdogo wako,
Mwanahawa