Kisamvu cha kwa Mshihiri

Jumatano, Temeke. Leo ni siku ya nne tangu nishuke kwenye gari moshi. Mawingu yamefunga tangu asubuhi, mvua inatishia tu na hainyeshi, na mie nimekaa kitandani na daftari magotini kama mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani.

Acha niandike kabla sijabadili nia.

Nilikuja Dar es Salaam kumwona Tausi, mwanangu wa pekee. Mama yake alipofariki, Tausi aliniandikia barua: Baba, funga nyumba ya Tabora, beba cherehani, uje ukae nasi, baraza ipo, na watu wa huku wanavaa kanzu, hutakosa cha kushona. Cherehani sikuibeba. Nilisema nije kwanza niangalie, na tiketi ya kurudi nikaikata kabisa, ya Ijumaa. Ndivyo nilivyo. Hata kanzu ya mteja naipima mara tatu, na bado mkono mmoja unatoka mfupi.

Taabu ni hii. Kwetu baba hali kwa mkwewe. Si wali, si uji, hata maji ya mtungini. Utaingia, utakaa, utambeba mjukuu, utasifu nyumba, kisha utatoka na koo lako kavu. Babu yangu alifanya hivyo, baba naye akafanya hivyo. Ni heshima: hukumpa mtu binti yako ili aje akulishe. Kulala humo ndiyo usiseme. Kwa hiyo nimepanga chumba nyumba ya tano kutoka kwao, na kila chakula kikikaribia kuiva mie husimama, nikajinyoosha, nikasema, "Haya, ngoja nikanyooshe miguu." Miguu yangu haijapata kunyooshwa hivi tangu nizaliwe.

Tausi anaijua mila, habishi. Ananitazama tu kama alivyokuwa akinitazama mama yake, na hilo ni baya kuliko kubishiwa.

Miguu ikishanyooshwa hunifikisha kwa Mzee Awadhi, Mwarabu wa Kishihiri mwenye mkahawa kwenye njia ya kwenda Chang'ombe. Ni chumba kimoja chenye mabenchi, ukuta wa kijani uliokula moshi, picha ya Mfalme wa Waingereza imepinda kidogo kama anayesikiliza maneno ya watu, na birika kubwa la chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Nyama hakuna. Siku ya kwanza niliagiza maini, akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Hapa nyama haiingii, sheikh. Wala samaki. Wateja wangu nusu ni mafundi wa Kibanyani wa karakana ya mbao. Wakisikia harufu ya mfupa kwenye sufuria, kikombe changu hawakigusi tena. Mbuzi namla kwangu."

Basi nikajua nitakula mbaazi za nazi na chapati kama wenzangu. Sivyo. Aliniletea ugali na bakuli la bati lenye ua jekundu, ndani yake kisamvu cha karanga.

Kisamvu cha karanga! Temeke, ambako hata maharage wanayatia nazi! Tena karanga zenyewe zimekaangwa mpaka zikakaribia kuungua, zina kile kiuchungu cha mwisho. Marehemu mke wangu alikuwa akizikaanga hivyo hivyo. Si kwa ufundi. Ni kwamba akishaziweka motoni ndipo anakumbuka neno la kumwambia jirani. Nilimwambia Mzee Awadhi kwamba sikujua kama huko kwao Arabuni wanapika Kitabora. Akasema, "Mungu mkubwa," akaenda zake.

Nimekila siku zote nne. Jana nililia kidogo, nikasingizia pilipili.

Kisamvu kile hakina pilipili.

Sasa ya leo. Nilikuwa nimemega tonge la tatu, mlangoni akaingia Ramadhani, mume wa Tausi, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Naye ni fundi kwenye karakana ile ile, ila saa zake za chai hazikuwa zimegongana na zangu. Mkwe kuniona natafuna! Nikageuka ukutani na bakuli langu, kwa haraka hata benchi likalia. Yeye naye akaona, akaketi benchi la nyuma yangu, akanipa mgongo. Tukawa tumekaa hivyo, watu wazima wawili, kama vitabu viwili kwenye rafu.

Mzee Awadhi akaja na birika. "Sheikh, Mfalme amekufanya nini leo unamkodolea macho hivyo?"

"Huyo nyuma yangu ni mkwe wangu," nikanong'ona. "Haifai anione nakula."

"Lahaula! Basi nimfunge kitambaa?"

Nyuma yangu nikasikia, "Mzee Awadhi, mwambie mzee shikamoo."

"Sheikh, unaamkiwa."

"Mwambie marahaba."

"Marahaba, anasema. Na mie mwenye mkahawa, mbona siamkiwi?"

Mafundi wa Kibanyani walikuwa wameacha kunywa chai. Wanasikiliza.

"Muulize mzee," Ramadhani akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha, "chakula cha nyumbani kwangu kina nini? Siku ya nne hajagusa hata maji. Kama ananiona fundi mbao si mtu wa kumlisha, aseme."

Nilisikia masikio yanawaka. Nikamwambia Mzee Awadhi, "Mwambie..."

"Simwambii," akasema. "Hilo jiseme mwenyewe. Mie nina chapati motoni."

Akaondoka, kweli akaondoka! Ikabidi niseme, nami nikasema nikiutazama ukuta. Nilisema si dharau. Nilisema ndiyo heshima kubwa niliyo nayo, sina nyingine. Kwamba baba yangu alikufa bila kuonja chumvi ya mkwewe, na watu walimsifu kaburini. Maneno yalitoka vipande vipande kama uzi mbovu.

Nikamsikia Ramadhani anapangusa vumbi la mbao magotini. Kisha akasema, "Tausi aliniambia. Nikadhani ananificha. Sie huku, baba, mgeni asipokula kwako amekuja kukuaga. Mwanao anajua umekuja kumuaga. Tiketi yako aliiona."

Nilifanya kama mtu aliyeshughulika na chakula, nikamega tonge, nikachovya. Mzee Awadhi akawa amerudi na chapati, akasimama kati yetu, akalitazama bakuli, akashusha pumzi.

"Niliapishwa nisiseme," akasema. "Lakini nyinyi mtanizeesha. Sheikh, Mshihiri na kisamvu wapi na wapi? Mie hata kukitwanga sijui."

Nikalitazama bakuli. Ua jekundu.

"Binti yako analileta kila siku kwa mlango wa uani. Alikuja kabla hata hujaja mwenyewe, maana mkahawa wa karibu na kwao ni huu tu, akaniambia, 'Baba yangu hali kwangu, basi ale kwako.' Nikamwambia sawa, ila nyama hapana."

"Kumbe!" Ramadhani akapiga paja. "Na mie naambiwa nyumbani karanga zimekwisha!"

Mafundi wakacheka, Mzee Awadhi akacheka mpaka chai ikamwagika. Mie nilicheka pia, nikiwa bado nimeutazama ukuta, na ilikuwa heri, kwa sababu uso wangu haukuwa unacheka.

Siku nne. Siku nne nimekula kwa mkwe wangu, nikalamba na vidole.

Ramadhani aliniaga kwa mgongo, akarudi kazini. Hakunisimanga wala hakunishurutisha. Mzee Awadhi akalifuta bakuli, akanitia mkononi. "Mimi nimemaliza," akasema. "Kesho silipokei hapa. Lirudishe mwenyewe."

Sasa limekaa hapa mezani, karibu na taa.

Nimejaribu kuwaogopa watu wa kwetu, watakavyosema wakisikia. Nimewataja mmoja mmoja: baba, baba mdogo, shangazi aliyekuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wangu, na mama Tausi mwenyewe. Wote wamelala makaburini. Huko Tabora amebaki nani wa kunilaumu? Jirani mmoja, naye hasikii vizuri. Nimeilinda mila hii kama bawabu anayelinda nyumba ambayo wenyewe wamehama, na sikuwa nimeliona hilo mpaka leo jioni. Huenda nililiona. Huenda ndiyo maana tiketi niliikata mapema, nisije nikapata nafasi ya kufikiri.

Nyumba ya pili wanakula. Nasikia bakuli na vijiko, mtu anamgombeza mwenzake kwa kumaliza mchuzi. Ningetoa kanzu mbili mpya nigombezwe hivyo.

Bakuli la watu halirudishwi tupu, hilo kwetu na pwani tunakubaliana. Nimepekua sanduku zima nione cha kutia. Kuna mkasi, kanda ya kupimia, sindano, na fulana niliyomshonea mjukuu kwa kukisia, ambayo haimpiti kichwa. Sina kitu.

Basi kesho adhuhuri nitalipeleka tupu hivyo hivyo. Sitasimama kunyoosha miguu. Nitakaa kwenye mkeka, nitageukia ukutani kama Ramadhani ataona haya, na nitamnyooshea Tausi bakuli lake alijaze.