Dude Lako Limepanda Kilima

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, kipashe moto tu. Mvua ikirudi, anua nguo.

Asubuhi nimeitwa kule kilimani kuzalisha, gari la kliniki likanasa kwenye tope. Binti yako akasema, "Mama, panda." Nikapanda hilo dude la pikipiki ulilotaka kuliuza kama chuma chakavu! Pale kwenye kona nikafumba macho, nikingoja lizime kama lilivyokuwa likikuzimia wewe. Wapi! Likapanda tu.

Injini ni ileile ndogo. Ila binti yako kasafisha kabureta, springi katoa kwenye pikipiki iliyokufa pale gereji, na gia ya gurudumu la nyuma kaweka ya mitumba yenye meno mengi zaidi. "Mbio zimepungua, Mama, lakini nguvu ya kupanda imeongezeka." Ananifundisha huku nimemng'ang'ania kiunoni!

Tumefika kichwa cha mtoto kinatoka, kitovu kimemzonga shingoni. Nimekitoa, akalia. Tungelisubiri gari, sijui ningekuwa nakuandikia nini sasa.

Tumekuja kuchukua glovu na dawa, tunapanda tena kumwangalia mzazi.

~~Mwambie Jumapili haendi kwenye mashindano ya pikipiki, mimi naogopa.~~ Aende. Ila kofia yake ngumu imepasuka, tumtafutie nyingine.

Na akirudi usimwambie "si mbaya" kama kawaida yako. Toka nje, lizunguke hilo dude, muulize kila kitu alichofanya, na umsikilize mpaka amalize.

Mama watoto