Mwisho wa Kitabu Nilioufuata Tarakea

Mpendwa Aikande, mtoto wa dada yangu,

Nakuandikia mimi mjomba wako, kwa mkono wangu mwenyewe, sikumtuma mtu. Najua hapo ungeshacheka. Ulizoea kusema mwandiko wangu unatembea kama kuku aliyekanyaga utomvu wa mgomba. Cheka tu. Tangu uondoke hakuna anayenicheka vizuri hapa Old Moshi. Wananicheka vibaya, na tofauti yake naijua.

Nina neno moja la kukwambia. Nilikwambia ukiwa hai, hukuliamini. Lakini siwezi kulianza hapo, maana mimi hadithi naanzia mbali, unanijua.

Ulipopata ile kazi ya kupiga chapa mjini Moshi, wenzako walinunua viatu vya visigino. Wewe kila mwisho wa mwezi ulipandisha mlima na kitabu kimefungwa kwenye gazeti. Mama yako alilia kwamba mtoto wake ataolewa na makaratasi. Nani alikutetea? Mimi. Nilisimama mbele ya ukoo nikawaambia kwamba hata mimi ujanani nilikuwa na vitabu mia mbili, nikawagawia wamisionari walipoishiwa. Hakuna aliyeamini, ila walichoka kubishana, na wewe ukapata kona ya kuweka sanduku lako la bati.

Basi watu wakaanza kuja kuazima. Hukuwatoza kitu. Sharti lako lilikuwa moja tu, kwamba msomaji akimaliza aandike kwa penseli, ndani ya jalada la nyuma, jina lake na mahali alipokisomea. Mama Elinami aliandika, "Kwenye foleni ya sukari." Ndekirwa wa Bomang'ombe akaandika, "Mnadani, nikingoja ng'ombe wangu apate mnunuzi." Mama Elinami alipokipata tena kitabu kile akaongeza chini yake, "Wewe Ndekirwa, huyo baba mkwe wa kitabuni humuoni kuwa ni mwizi?" Ndekirwa naye akajibu. Wakaenda hivyo jalada kwa jalada, karibu mwaka mzima, watu wasiojuana sura.

Ndekirwa akapanda basi kuja kumwona mbishi wake. Unakumbuka alivyosimama uani, kijana na koti lake, akatokea bibi mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akauliza, "Ndekirwa ndiyo wewe? Mbona u mdogo hivi na ubishi wako mkubwa?" Mtori wetu wote wa ndizi ukaishia kwa wale wawili, na baba mkwe bado hawajamalizana naye.

Na mimi kazi yangu ilikuwa kilabuni. Nina darasa la tatu, na nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukihesabu vizuri ni la sita. Kule kwenye pombe ya mbege niliwasimulia wazee vitabu vyako ambavyo sijavifungua. Nilitia simba. Nilitia treni iliyopotea porini, na askari wa Kijerumani aliyemezwa na chatu akatoka na bunduki yake. Watu wakaja mbio kuazima. Walirudi wamekasirika wakiuliza simba yuko ukurasa wa ngapi. Nikadhani utanigombeza. Ukasema, "Mjomba, usiache. Nusu yao wanasoma ili wakukamate uongo." Siku ile nilitembea kama mbunge.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Ni miaka ile ya shida, sabuni hakuna, sigara hakuna, karatasi ya kuandikia hakuna. Kulikuwa na kitabu cha mwanamke aliyeuza shamba lake aende kumtafuta mumewe mjini. Ulikinunua wewe, lakini wewe mwenyewe ulikuwa hujakisoma, maana Mama Elinami alikiomba kabla hujavua viatu, ukampa. Ndiyo tabia yako, mgeni atangulie. Kilizunguka hadi kikarudi kimelegea mgongo. Ukaanza kukisoma polepole, kwenye basi, jioni jikoni. Siku moja ukakiacha kwenye benchi, unyasi umeweka alama, zimebaki kurasa chache.

Mimi nilikuwa na tumbaku niliyopewa na jirani. Karatasi ya kuisokotea sikuwa nayo. Nikachana karatasi ya mwisho ya kitabu chako, nikasema moja haionekani. Nikachana ya pili. Zilikwisha nne.

Uliponiuliza nilisema mbega ameshuka kutoka msituni, mkubwa, mwenye mkia kama ufagio, amechana na kukimbia. Ukakinusa kile kitabu. Ukasema taratibu, "Na huyo mbega anavuta?" Halafu ukanyamaza, na hukumwambia mtu hata mmoja, hata mama yako. Afadhali ungenipiga na kuni.

Moyo wako ulipoanza kuugua, sikufikiri ni kitu. Msichana wa miaka ishirini na saba. Miguu ikavimba, kazi ikakushinda, hospitali ikakurudisha nyumbani wakasema upumzike. Ukawa unalala karibu na dirisha linaloangalia migomba. Nilikuletea mtori asubuhi moja, hukuutaka. Ukaniuliza, "Mjomba, yule mama alimpata mumewe?"

Nilijua mara moja ni mama yupi.

Nikasema nitakwambia kesho. Nilishuka mjini, kwenye duka ulilonunulia, nikakuta rafu tupu na vijitabu vya kilimo cha mahindi. Nikarudi nikafungua jalada la nyuma. Majina yalikuwa matatu. Nikaanza na Mama Elinami, akainamisha kichwa, akakiri aliandika jina bila kumaliza, kwa aibu ya kukaa nacho sana. Nikaenda Bomang'ombe. Ndekirwa alikumbuka harusi ya mwanzo, na chakula kilichopikwa, basi. Jina la tatu lilikuwa "Mwalimu Prosper, chini ya mibuni, likizoni." Na Mwalimu Prosper alikuwa amehamishiwa kwao Rombo, kule Tarakea mpakani.

Nikaenda. Sikumuaga mtu, maana nilitaka nirudi na mwisho mkononi, nijitape kidogo. Basi liliishiwa dizeli kwenye mji wa Mkuu, mvua inanyesha. Ungetaka nikwambie nilipambana na chui njiani. Sikupambana na chui. Nilipambana na matope, na kiatu kimoja kikaachia soli, nikakifunga kwa kamba ya mgomba, nikatembea siku nzima. Familia moja ya Kikatoliki ikanilaza, wala hawakuniuliza jina mpaka nilipokula.

Nilimkuta Mwalimu anachuma kahawa. "Shikamoo mzee," akasema, "umetoka wapi na hali hiyo?" Nikamwambia nimefuata mwisho wa kitabu. Aliniangalia hivi, akaweka kikapu chini. Akanisimulia pale pale, kisha akasema, "Haya, rudia."

Nikarudia.

"Mzee, simba hayumo."

Nikarudia tena, bila simba, lakini nikamtia mume pesa nyingi. Akatikisa kichwa. Mara ya tatu nilisema kama alivyosema yeye, neno kwa neno, mtu mzima nimesimama kama mtoto wa darasa la kwanza, na nilijisikia kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. Ndipo akaniruhusu niondoke.

Njiani kote nilikuwa nauimba ule mwisho nisiumwage.

Nilipofika ulikuwa macho. Mama yako alinipokea kwa maneno, eti siku nne mgonjwa yumo ndani, na mimi kaka yake niko kwenye mbege. Nilimpita. Nilikaa kwenye kigoda nikakwambia. Kwamba yule mama alimpata. Mume ameshakuwa kipofu, amekaa nje ya nyumba ya mwanamke mwingine, kando ya reli. Alisikia nyayo, akaomba maji. Mama akamchotea, akamshikia kikombe mpaka akamaliza. Mume akasema, "Asante mama. Wewe ni nani?" Naye akajibu, "Mpita njia." Akarudi kijijini kwake, akaenda kwa mtu aliyenunua shamba lake, akaomba kibarua cha kulipalilia.

Ukatabasamu, Aikande, na lile tabasamu ndilo linaloniua.

"Mjomba, safari hii umetunga vizuri. Hata simba hukumtia."

Nikasema sikutunga. Nikasema nimetoka Tarakea. Ukasema, "Mama kasema ulikuwa kilabuni." Nikakuonyesha kiatu. Ukasema hata kile kiatu ulikijua tangu mwaka juzi kilikuwa hivyo. Nikaapa kwa kaburi la baba yangu, na mimi mwenyewe nikajisikia nikiapa kwa sauti ile ile ninayoapia habari za chatu. Sina sauti nyingine. Nilitafuta ndani yangu sauti ya mtu anayesema kweli, sikuipata, sijawahi kuitunza.

Ukanishika mkono. "Basi, mjomba. Naupokea huo huo."

Asubuhi yake nilimtumia Mwalimu barua kwa dereva wa basi, aje athibitishe. Alikuja. Alifika tumeshakuzika kihambani, kwenye migomba ya ukoo, siku moja nzima imepita, udongo bado mwekundu. Akaniuliza, "Mzee, nisimame niwaeleze watu kwamba kweli ulifika kwangu?" Watu walikuwa wamejaa uani, Ndekirwa, Mama Elinami, wasomaji wako wa kutoka kila upande, wengine walikuwa wanaonana kwa mara ya kwanza na kuulizana nani ndiye nani wa penseli. Maisha yangu yote nimetamani shahidi mbele ya umati kama ule. Nikamwambia Mwalimu akae ale. Hao wengine sikuwa na haja nao.

Sanduku lipo. Nimeukataza ukoo usiligawe. Walipokuja na maneno ya urithi niliwauliza nani kati yao amemaliza hata kimoja, wakatazamana. Ninalifungua mimi Jumapili baada ya ibada. Zile kurasa nne nimeziandika upya kwenye karatasi za daftari, nikazishona kwa uzi wa gunia, na Mama Elinami amesoma mpaka mwisho sasa, akakaa na kanga usoni muda mrefu. Kilabuni siendi sana. Nikienda wananiomba chatu, nawapa nusu, nachoka.

Ukienda kuwasalimu waliotutangulia huko, usiwaambie habari ya tumbaku. Ya tumbaku iwe yangu na yako. Msamaha wake naujua ulinipa siku ile ya mbega, kwa kule kunyamaza. Ninachokuomba ni kingine.

Nilikwenda, Aikande. Mvua ilikuwa inanyesha, nilikwenda Tarakea nikarudi. Yule mama alimshikia kikombe, na hakumtajia jina lake. Ndivyo kilivyoandikwa.

Lala salama, mwanangu.

Ni mimi, mjomba wako