Drone Yetu Kwenye Dagaa za Watu

Mdogo wangu Neema,

Hujambo huko Dodoma? Mimi huku Pasiansi nanuka dagaa mpaka kwenye nywele. Asubuhi nilikuwa narusha drone yetu ufukweni, macho yote kwenye skrini. Mama mmoja akaanza kuanua dagaa zake. Nikamwona, sikujiuliza kwa nini. Mara upepo ukageuka, ukaibwaga drone katikati ya dagaa zilizobaki.

“Uliniona naanua, ukadhani nacheza?” akaniuliza, akanipa ungo nipepete mchanga.

Nilipepeta mpaka saa nane, nikikumbuka siku ulipoiangusha juu ya bati la kanisa, nikakufokea mbele ya watu. Nisamehe, mdogo wangu. Pangaboi moja la drone limevunjika. Nikirudi tutalibadilisha, kisha utarusha wewe. Mimi nitasimama kando, niangalie watu wanafanya nini.

Dada yako,
Rehema