Ngano ya Yudith na Bomba la Ng'washi

S.L.P. 318,
Ilomba, Mbeya.
12 Septemba, 1976.

Mpendwa dada Kalista,

Shikamoo dada. Mguu unaendeleaje? Tangu tusikie kwamba uliteleza kisimani hatuna raha. Sisi huku ni wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukomesha. Tangu Juni nalala na koti.

Nikupe habari za binti yangu, mwanao Ng'washi. Unajua amepangiwa kuwa bibi shamba katika kijiji kimoja cha milimani, wanakolima ngano ya kipupwe. Mwezi wa tano nilimpelekea mchele wa Usangu, nikamkuta matatani.

Mvua ilikatika mapema, ngano ikawa ya manjano. Mbolea ukiimwaga chini, inakaa tu juu ya vumbi. Basi Ng'washi akayeyusha mbolea ya yurea kwenye maji, akainyunyiza kwa bomba la mgongoni, ili mmea ulishwe kupitia majani. Siku ya tatu majani yakaungua ncha kama yamepitiwa na moto.

Mkutano ukaitwa, nami nikakaa nyuma. Mwenyekiti Yotamu akasema, "Binti, tulikupa shamba la kijiji, umetuunguzia." Dada, nilitamani nimshike mkono tuondoke.

Yeye akasimama. "Kosa ni langu, Mwenyekiti. Nilizidisha yurea, tena nilinyunyiza jua likiwa kali. Nipeni sehemu ndogo nirudie."

Mwishowe mjane mmoja, Yudith, akasema, "Achukue ekari yangu. Inakufa hata hivyo."

Jioni ile jua lilipopoa tukaanza. Mimi, mchunga ng'ombe, nilibeba maji kichwani kutoka mtoni, wanawake wakinicheka. Ng'washi alipima yurea kwa kopo, safari hii nusu ya ile ya kwanza. "Baba, usiongeze maji, nimeshapima." Nikatii.

Nilikaa siku kumi zaidi. Nilipoondoka, ngano ya Yudith ilikuwa kijani kutoka mwanzo hadi mwisho.

Juma lililopita nilipanda tena milimani kushuhudia mavuno. Magunia tisa, dada, kwenye ekari iliyotoa matano mwaka jana. Yudith alikuwa akishika ngano na kuiachia, akiishika tena. Nyumbani kwa Ng'washi nikamkuta Mwenyekiti ameketi mlangoni, kofia mkononi, akisubiri aandikwe wa kwanza kunyunyiziwa mwakani.

Nilipotaka kumwoza Ng'washi badala ya kumpeleka chuo, wewe ulinikatalia, nami nikakununia mwaka mzima. Ulikuwa sahihi. Nimeyaandika haya ili uwe na ushahidi.

Kule kijijini hawaniiti Seni. Wananiita Baba wa Bibi Shamba, nami naitika kabla hawajamaliza.

Nisalimie shemeji Didas, na Ndalahwa na wanawe wote. Mungu aukaze mguu wako, uje mwakani uione ngano hiyo mwenyewe.

Ndimi mdogo wako, akupendaye kuliko anavyojua kusema,

Seni Maganga